Tulivyomhukumu Yaya

Katika mtaa wetu wa Hewa Bora, mfululizo wa televisheni haukuisha siku sehemu ya mwisho ilipooneshwa. Uliisha baada ya kesi.

Mwenye ukumbi wa video alikuwa fundi wa redio. Alibomoa ukuta wa karakana yake, akaingiza mabenchi aliyonunua kwa kanisa moja lililohama, akatundika shuka jeusi mlangoni ili jua lisiingie. Kila Jumapili baada ya Misa ya pili alituonesha sehemu mbili. Umeme ulikuwa ukikatika karibu kila Jumapili. Hapo aliwasha jenereta, na petroli ikimwishia alituacha gizani na midomo yetu. Kesi zilizaliwa katika giza hilo. Mtu alisimama kumshtaki jambazi fulani kwa jambo alilofanya, mwingine akamtetea, na watu wakataka mtu wa tatu aamue. Ilianza kama mzaha wa kungojea umeme. Baada ya muda ikawa desturi yetu kwamba msimu ukiisha kesi inakaa, na hakuna anayetoka kabla ya hukumu.

Mwamuzi, au mama juge kama walivyoniita, nilikuwa mimi. Hawakunichagua kwa elimu, maana shule niliiacha mapema. Walinichagua kwa kuwa sipigi kelele, na kwa sababu aliyoitoa mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, sauti yake ikisikika mpaka barabarani: "Uyu alilea badogo bake bila kupiga muntu. Hata siye atatuweza."

Mfululizo wenyewe tuliuita Mikate. Ulikuwa wa mambo ya zamani, wakati magari yalipowashwa kwa kuzungusha chuma mbele, katika mji wa bandari ambao jina lake hatukulishika. Ndugu wanne yatima walikuwa waoka mikate mchana, na ndani ya mikate walificha risasi na tumbaku ya magendo. Kiongozi wao alikuwa kaka mkubwa, mtu wa maneno machache, mwenye kizibao cha kijivu ambacho hakukivua hata akilala. Nyumbani kwao alikuwapo mama mzee mwenye aproni nyeupe juu ya nguo nyeusi, aliyewalea tangu wazazi wao wafariki. Alipika, alipokea makoti ya wageni, alifunga na kufungua milango. Hatukumjali sana. Ukumbini alijulikana kama "ule mumama wa mulango".

Najua kwa nini niliupenda mfululizo ule, na sioni haya kusema. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga wakati treni zilipokuwa bado zinafika kwa saa zake. Alifariki akiwa angali anangojea haki zake. Mama alimfuata kabla hatujavua nguo za msiba. Nilirudisha vitabu shuleni, nikabaki na lupango wa wazazi, yaani kiwanja chenye nyumba ya matofali na uzio wa michongoma, na wadogo wawili: mvulana anayenifuata na msichana wa mwisho. Waliniita yaya, kama kila mtoto wa Lubumbashi anavyomwita aliyemtangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo nilipomwona kaka yule wa kizibao akigawa mkate mezani, kipande cha kila mmoja, na chake mwisho, sikuona jambazi.

Ndugu yangu naye alimpenda. Alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yake. Sikuwa na ombi jingine kwa Mungu katika miaka ile. Nilitaka mmoja wetu avuke mlango ule ambao mimi sikuufikia, na nilitaka avuke akitokea nyumbani kwetu, akiwa ameamka kwenye kitanda chake na kunywa chai yangu. Baada ya kila sehemu tulirudi nyumbani tukibishana kama kaka wa Mikate alifanya vizuri au vibaya. Mdogo wetu wa kike alitembea katikati yetu akituiga sauti.

Kisha ulikuja mwaka ambao Goma ilichukuliwa na waasi, na baadaye Bukavu.

Kwenye ramani kwetu ni mbali. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye depo ya sabuni, mafuta na biskuti za jumla, na katika depo vita havikuwa mbali hata kidogo. Mwanzo simu zilikoma. Halafu benki za kule zikafungwa na bidhaa zake zikabaki katika ghala la Goma ambalo hakujua tena ufunguo wake uko mkononi mwa nani. Alikuwa na desturi ya kusali kwa sauti kabla ya kufungua depo asubuhi. Mwaka ule sala ikawa ndefu, na wateja wakazoea kungojea nje. Mjini kwetu nako mambo yaliharibika kwa namna yake. Malori ya madini yalisimama, watu wakarudishwa nyumbani kutoka kazini, wezi wenye silaha wakazidi, na maneno yakaanza kutembea kwamba adui ameshaingia mjini akiwa amevaa kama raia. Vijana wa mitaani walisimamisha watu kwenye kituo cha magari na kuwaamuru waseme neno hili au lile, wasikilize lafudhi. Nilimwona baba mmoja akivuliwa viatu vyake, mbele ya mtoto wake, kwa kuwa alisema "ndiyo" kwa namna isiyowapendeza.

Siku moja Mama wa depo aliniita nyuma ya makatoni.

"Mutoto wangu, nyumba ya wazazi wako iko na vyumba ngapi?"

Nilimwambia.

"Mudogo wangu wa Goma ametoka na bwana yake na watoto. Wamezunguka Kalemie, wako njiani. Kwangu, mutaa wa Golf, mwenye nyumba amesha kukataa. Anasema hataki bantu ba kule katika nyumba yake." Alishika kiwiko changu. "Lakini usiseme kwa muntu. Hata kwa wadogo zako. Mutoto anasemaka bila kujua kama amesema. Wakisha kuingia ndani na kufunga mulango, hapo useme."

Nilikubali. Nilimfikiria yule baba asiye na viatu.

Chumba kilichofaa kilikuwa cha mbele, chenye mlango wake wa nje, na humo ndimo alimolala ndugu yangu na vitabu vyake. Mlango haukuwa na kufuli ya maana. Mama akamtuma dereva wake na seremala. Walikuja mchana wakati wadogo zangu wako shule, wakapima mlango, wakapima dirisha, na seremala, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiria mbele, akapima na ukuta wa nje. Jirani alisimama uani kwake akiwa na beseni la nguo mikononi muda wote huo. Jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba watu wawili wamepima lupango wetu kwa utepe.

Habari ikafika mpaka Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, anakoishi baba mdogo. Ni mdogo wake baba. Anauza samaki wakavu. Siku ya maziko ya baba alinong'ona kwamba lupango ni wa ukoo na msichana, yaani mimi, ataolewa. Nilimjibu hapo hapo kwamba msichana hataolewa, na jibu hilo alilichukua kama tusi. Sasa alishuka kutoka kwenye lori, akaketi katika kiti cha baba, akataka maji ya kunawa.

"Nasikia kuna bantu banapimapima huku," alisema.

"Ni fundi wa mlango, baba."

"Mulango?" Alimtazama ndugu yangu. "Utepe ule ulifika mpaka choo. Choo pia iko na mulango wa kutengeneza?"

Ndugu yangu alicheka kidogo, kwa adabu. Aliponiangalia, nilikuwa naosha sufuria. Niliiinamia zaidi, na niliona ameona kwamba nakwepa.

Msimu wa mwisho wa Mikate ulianguka katikati ya wiki hizo. Tulikuwa tumezoea nakala za Kifaransa, ambazo mimi nilifuata nusu kwa masikio na nusu kwa macho, ndugu yangu akininong'oneza maneno magumu. Lakini mtu aliyekuwa akimletea fundi nakala hizo alifunga duka na kuondoka mjini. Fundi akapata nakala nyingine Kasumbalesa, mpakani, kwa dereva wa lori wa Tanzania. Ilikuwa na sauti ya Mtanzania mmoja aliyewasemea wote, wanaume, wanawake, mpaka farasi, akifunika Kifaransa chini kabisa. Watu walishangilia. Kwa mara ya kwanza majambazi wetu walisema Kiswahili, tena Kiswahili bora, kama cha masomo ya Misa. Neno moja moja lilitupita, kama linavyotupita kanisani, lakini hakuna aliyejali.

Nitasema wazi nilivyouona msimu ule. Ulianza kwa kuchoka. Walileta adui mpya ambaye hatukujua ametoka wapi, wakamuua kabla hatujamchukia vya kutosha. Kulikuwa na harusi iliyokula sehemu nzima. Na hakuna tena aliyekanda unga. Misimu mitatu tuliwaona na mikono myeupe hadi kwenye viwiko, hata siku za kuua, na katika msimu wa mwisho tanuri halikuwashwa hata mara moja, kana kwamba waandishi walisahau kazi ya watu wao. Muuza makala ndiye aliyelitambua kwanza: "Sasa baba hawa wanakulaka nini?"

Sehemu ya mwisho polisi waliizingira nyumba bila kuvunja chochote. Waliingia kama wenyeji. Ndugu wa tatu alipigwa risasi kwenye ngazi, na akiwa anakufa alimshika mkaguzi wa polisi ukosi, akamwuliza ni nani aliyewauza. Sauti ya Mtanzania ikajibu polepole, bila mzaha wake wa kawaida: "Ni yaya. Tangu mwanzo, msaliti wenu alikuwa yaya."

Neno msaliti tunalijua sote. Tunalisikia kila mwaka Ijumaa Kuu, jina la Yuda likiwa kando yake. Picha ilionesha mkono tu, wenye nguo nyeusi, ukiweka ufunguo mezani. Halafu kaka wa kizibao akaonekana ndani ya treni, peke yake, akitazama dirishani. Maandishi yakapanda.

Fundi alizima mashine. Kisha ukumbi ukalipuka.

"Yaya mwenyewe!"

"Mi nilisema! Tangu harusi nilisema ule jamaa hakucheka!"

"Anapanda treni, badogo bake banakufa kwenye ngazi!"

"Mama juge! Kesi! Tunataka kesi!"

Nilikaa kwenye kiti changu mbele. Fundi alijitolea kumtetea kaka, kwa kuwa kila kesi lazima iwe na mtetezi, akasema bila nguvu kwamba labda polisi walimlazimisha. Walimzomea. Nikauliza nani anashtaki, na mikono mingi ikainuka. Ndugu yangu alikuwa ameshasimama. Hakuwahi kusimama katika kesi yoyote. Kazi yake ilikuwa kunitania njiani tukirudi.

"Mama juge, mi niko na maneno."

"Sema."

"Banasema polisi balimulazimisha. Apana. Ule yaya alichoka. Miaka yote anabeba bantu, na siku moja anaona nyumba imekuwa muzito. Anatafuta muntu wa kumuachia. Anaita bantu banakuja kuangalia mulango." Watu walicheka, wakidhani anasema juu ya polisi. Yeye hakucheka. "Na badogo bake banakaa pale mezani, banakula. Hawajui kama kiti yao imesha kupimwa. Mi nauliza juge kintu moja tu. Kama ulilea muntu, uko na haki ya kumuuzisha bila kumuambia?"

Muuza makala alikuwa wa kwanza kuelewa. "Weye," alimwambia, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, "unasema filamu ao unasema kwenu?"

Ndugu yangu alinitazama mimi tu, akingojea.

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja. Siuzi nyumba. Lakini kila mtu pale alikuwa amesikia habari ya utepe, na sentensi hiyo ingeleta swali la pili: basi wale watu walikuja kufanya nini? Ningesema mlango, wangeuliza mlango wa nani. Benchi la nyuma walikaa vijana watatu wa kituoni, mmoja wao akiwa amevaa vile viatu vya yule baba. Wageni wangu walikuwa barabarani bado, na watoto. Mdogo wangu wa kike alikuwa kando yangu. Alishika kidole changu kimoja akakivuta chini, kama anayetaka nikae, ingawa nilikuwa nimekaa.

Nikatoa hukumu. Nilisema kwamba yaya ana kosa. Nilisema mtu anayelea wengine hana ruhusa ya kuamua peke yake juu ya nyumba yao, na kwamba treni ile haimwondoi katika kosa lake popote itakapompeleka. Walipiga makofi. Fundi alisema haijawahi kutolewa hukumu safi kama ile. Ndugu yangu alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma shuka jeusi akatoka.

Nilimkuta uani kwetu. Baba mdogo alikuwa ndani, anasikika akitafuna. Nilimpeleka ndugu yangu mpaka kwenye michongoma na nikamwambia kila kitu, Goma, Golf, Kalemie, mlango. Alinisikiliza huku akichuma majani ya ua na kuyaangusha.

"Kwa hiyo hauuzishe."

"Siuzi. Sitauza."

"Sawa." Alichuma jani jingine. "Lakini uliogopa mi nitabasema kwa bale bantu ba kituo."

"Nilikatazwa kusema kwa mtu yeyote."

"Na mama wa depo. Mama wa depo alikukataza, ukakubali. Mi niko mudogo wako, yaya. Niko na akili. Ningeweza kuhama chumba bila muntu kuniomba mara mbili. Ningebeba kitanda mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Angekibeba.

"Basi chumba kinatakiwa," alisema. "Nitaenda Kasomeno na baba mudogo."

"Na mtihani?"

"Kule pia banaandika mutihani."

Wote wawili tulijua kwamba jina lake limeandikishwa Lubumbashi. Baba mdogo naye alijua. Alitaka mikono ya kupakia samaki, na alitaka lupango ubaki na wasichana wawili ili siku moja aurudie kwa urahisi. Aliomba ampeleke na mdogo wetu wa kike pia, "apumzike na fujo ya mji". Mtoto yule alijibu mwenyewe, kabla sijafungua mdomo: "Mi siendi. Samaki inanuka." Hapo nilimpenda kuliko siku yoyote.

Asubuhi iliyofuata Mama wa depo aliona uso wangu akauliza. Nilimsimulia, na ili aelewe maneno ya ndugu yangu ilinibidi nimsimulie Mikate pia, mpaka sauti ya Mtanzania na ufunguo mezani. Nilipofika kwenye neno lile alinizuia kwa mkono.

"Alisema yaya? Kwa Kiswahili cha Dar?"

"Yaya, Mama."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Goma. Alicheka mpaka akakalia katoni la sabuni, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mutoto wangu, kule Dar yaya haiko mukubwa wako. Ni mutumishi wa kulea watoto! Nilikuwa nafikia kwa mufanyabiashara moja wa Kariakoo, alikuwa na yaya wawili. Mara ya kwanza nilibasalimia kama bakubwa ba nyumba, nikapiga goti. Watu wanacheka mpaka leo."

Nilisimama na makatoni mikononi. Nikamwona ule mumama wa mlango. Aproni yake nyeupe, nguo yake nyeusi chini ya aproni, mkono wenye nguo nyeusi. Ni nani mwingine katika nyumba ile alikuwa na funguo? Tulikuwa tumemhukumu mtu asiye na kosa, ukumbi mzima, kwa kauli moja, na mimi nikiwa mwamuzi.

Niliomba ruhusa nikaenda mahali ambapo malori ya Kasenga hupakia. Ndugu yangu alikuwa juu ya mzigo, akikaza kamba. Nilimwita ashuke, akainama tu. Nikamweleza neno lile nikiwa chini nimeinua shingo, kati ya wapakiaji na magunia matupu.

"Kumbe ule mumama," alisema.

"Ndiyo. Kaka hakufanya kitu."

Alifikiri. Nilikuwa na matumaini wakati alipokuwa akifikiri, sitaki kuficha. "Alikuwa nabo tangu badogo," alisema. "Alibapikia, alibafunika."

"Ndiyo."

"Basi iko mubaya zaidi."

Baba mdogo alitoa kichwa dirishani mwa lori. "We mama, hata kesi ya filamu unataka kukata rufaa? Panda ao achia lori iende."

Ndugu yangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Na weye, uko yaya ya kwetu ao yaya ya Dar?"

"Zote mbili," nilimjibu.

Akacheka, akarudi kwenye kamba yake. Lori likaondoka. Nilidhani ataruka, kwa sababu alikuwa hajakaa vizuri, lakini alikuwa anatafuta mahali pa mguu tu.

Wageni walifika wiki hiyo hiyo, kwa miguu kutoka barabara kubwa, wawili wawili ili wasionekane kundi. Mtoto wao mkubwa alikuwa rika la darasa moja na ndugu yangu, mrefu, mwenye haya. Mtaa uliwagundua, kama ilivyotazamiwa. Muuza makala alikuja kuwaona kwa kisingizio cha kuleta moto, akatoka, akatangaza uani kwamba ni ndugu zetu wa kaskazini na mwenye swali amuulize yeye. Vijana wa kituoni hawakuja. Kuhusu lupango hakuna aliyeuliza tena.

Siku ya kwanza ya mtihani wa taifa nilifungua depo mapema kuliko kawaida. Wanafunzi walipita mbele yetu wakiwa na nguo nyeupe na bluu, kimya, kila mmoja na kalamu zake mkononi. Nilipanga makatoni ya biskuti ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Baadaye, vumbi la kiangazi likiwa limeshaanza, fundi alipata nakala ya Kifaransa. Alituonesha sehemu ya mwisho peke yake, bure. Mkaguzi alijibu kwa neno la Kifaransa ambalo watoto wa matajiri wa Golf wanalijua, la mtumishi anayelea, na ukumbi ukapiga kelele kama goli limeingia. Walidai kesi ifunguliwe upya pale pale. Walimsafisha kaka kwa muda mfupi kuliko ule waliochukua kumtia hatiani, wakanigeukia mimi niseme juu ya ule mumama.

Nilisema sitamhukumu, na nilisema kwa nini. Waandishi walituficha kitu kilichomfanya aende polisi. Misimu minne alitembea katika nyumba ile, na hawakutuonesha hata siku moja mahali anapolala. Hatukumwona akila. Hatujui kama alikuwa na watu wake popote duniani. Halafu mwishoni wanataka tushangae kwamba aliwasaliti. Mimi nasema ni hila ya mwandishi aliyechoka, na ndiyo sababu msimu wa mwisho ulikuwa mbaya kuliko yote, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Baadhi walipiga makofi. Muuza makala alisema nimeanza kuzeeka. Njiani kurudi mdogo wangu wa kike alijaribu kubishana nami, akitoa hoja kwa sauti ya kiume, akaacha kabla hatujafika nusu ya njia.

Mtandao wa Kasomeno ni wa kubahatisha. Ndugu yangu alinipigia jioni moja, upepo ukipiga ndani ya simu.

"Nyumba iko?"

"Iko."

"Na bale bantu?"

"Wapo. Wanakusalimu. Hata hawajakuona, lakini wanakusalimu."

Nilimweleza habari ya nakala ya Kifaransa na jinsi ukumbi ulivyogeuza hukumu ya kaka. Alisema, "Ee, bale!" Nikasikia watu nyuma yake wakipakua kitu kizito, na mtu akimwita kwa neno la kuamrisha. Nilimuuliza kama atarudi masomo yakifunguliwa.

"Ule mutoto wao mukubwa," alisema, "anaenda shule?"

"Mama wa depo amemtafutia nafasi."

"Iko na viatu?"

"Anavaa kandambili."

"Vyangu vya shule viko chini ya kitanda. Umupatie, yaya. Mi huku navaa buti."

Nilimwambia ndiyo. Simu ilikatika, nikaingia chumba cha mbele, nikaomba radhi kwa waliokuwamo, nikavitoa chini ya kitanda. Vilikuwa na vumbi. Nilivipaka rangi, nikavifunga katika gazeti, nikaviweka chumbani kwangu juu ya kabati. Mtoto yule nilimnunulia vingine.